Novatus Magese Ndaki na Laini Moja ya Bariadi

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu mliopata kivuli na mliokaa juani, ukoo unaomba mtusikilize.

Novatus Magese Ndaki alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa hapa Bukundi, akasoma shule ya msingi hapa mwaka 1970 hadi 1976, akamaliza sekondari Shinyanga mwaka 1980, kisha akaajiriwa na chama cha ushirika kuwa fundi wa mitambo ya kuchambua pamba, hadi biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi na kazi ikaisha mwaka 1995, akaenda Mwanza kujifunza kompyuta, watu wakimcheka kwamba mtu mzima anachezea televisheni.

Alifunga ndoa na Evalina tarehe 6 Oktoba 1984, Mungu akawapa mtoto mmoja tu, Generoza, aliyekwenda India kusomea ufamasia mwaka 2004.

Mwaka 2001 alifungua intaneti kafe Bariadi, kompyuta kumi kwa laini moja ya setilaiti. Mwanzo aliwagawia wateja sawasawa, ikawa balaa, maana anayesoma barua alikalia fungu asilolitumia, na anayetuma maombi ya chuo akaning'inia hadi akaondoka anasonya. Ndipo akaandika programu ya kuangalia kila mara nani anavuta na nani anasubiri, ikipunguza hapa, ikiongeza pale, kisha ikipima kama imekosea na kujirekebisha yenyewe, vijana wakasema mashine ya mzee ina macho kama mama mkwe.

Hatutamficha mbele za Mungu, alikuwa mkaidi, na Jumapili nyingine alikosa misa akiichokonoa programu hiyo. Aliyeumia ni Evalina, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ya kumwona Generoza kwenye kamera, na watu wakijaa naye alipunguziwa, sura ya mwanawe ikaganda mdomo wazi, akimsihi mumewe amtengee laini japo kidogo anajibiwa kwamba wote pale wana watu wao, naye akamwuliza kama Generoza alimzaa na kompyuta.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2006. Jumapili tarehe 6 Agosti aliomba apelekwe kafe amwone mwanawe, akaingia ameshikwa mabega, kafe imejaa, sura ikaja vipande vipande, na Evalina safari hii hakuomba kitu. Ndipo Nyanjige, muuza dagaa, akaondoa mikono kwenye kompyuta yake, jirani yake naye, hadi wote wakaacha, programu ikaona hakuna mwingine anayehitaji, ikampa laini yote. Generoza akatokea mzima, hata kovu la kwenye nyusi, akasema baba umekonda, baba akauliza kama huko kuna ugali, wakacheka, wakatazamana tu.

Alifariki Jumatano tarehe 9 Agosti, alfajiri. Generoza yuko njiani, hatawahi mazishi. Evalina anasema siku ile alimwona mwanawe vizuri mno, hata hamu ya kumshika ikazidi, na sasa anaowatamani ni wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza, majirani waliopika na kuchota maji, mafundi wenzake, na wateja wale wote.

Pumzika kwa amani, Baba Generoza, mkeo amebaki kumpokea mtoto.