Nusu Saa ya Mzee Hatua

Tarehe 30 Juni, Mzee Hatua atastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya viungo bandia kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Katika muda huo alichelewa kazini mara mbili, na mara zote mbili alileta maelezo kwa maandishi bila kuombwa.

Alianza kama mkoroga plasta. Mwaka wa tatu alikabidhiwa patasi, na mwaka wa nane akawa fundi mkuu. Miguu aliyoichonga inazidi elfu mbili. Jina la Hatua alipewa na wagonjwa, kwa kuwa kila aliyesimama kwa mara ya kwanza akataka kuukimbilia mlango aliambiwa, "Hatua moja kwanza, mwanangu. Mlango hauhami." Aliwaambia hivyo hata waliomzidi umri.

Ana dini yake, na siku ya ibada simu yake huzimwa. Hata hivyo, si mtu wa kuhubiri. Imani yake huieleza kwa ufupi: mwili ni amana, na fundi huziba pengo tu, haumbi. Kutokana na imani hiyo alianzisha desturi isiyokuwamo katika mwongozo wowote. Kabla ya kumpima mtu, alimketisha nusu saa na kumuuliza mguu huo utampeleka wapi. Mtu alipokuwa akisimulia, yeye alichora kwa penseli ya seremala juu ya karatasi ya mfuko wa plasta: ngazi za nyumba, baiskeli, njia ya kisimani. Kuchora ndiyo raha yake kubwa. Michoro hiyo hakuiuza wala hakuitundika. Aliitandaza mezani wakati wa kuchonga. Mkoroga plasta wetu wa sasa alimtania, "Mzee, unatengeneza mguu au unachunguza mchumba?"

Miaka kumi na moja iliyopita, orodha ya wanaosubiri ilipofika watu arobaini, mkuu wa karakana, ambaye ndiye anayeandika maneno haya, aliipiga marufuku nusu saa hiyo. Mzee Hatua alitii. Hakununa, alinyamaza, na wanaomfahamu wanajua lipi ni zito zaidi.

Mwezi huohuo alikuja mwalimu wa watoto wadogo. Alipimwa kwa dakika kumi, akapewa mguu usio na kasoro. Baada ya wiki moja alirudi kwa magongo, mguu ameubana kwapani.

"Baba, mguu ni mzuri," alimwambia fundi, "ila haujui kukaa chini. Na watoto wangu wote wako chini."

Ukingo wa nyuma wa kikombe, yaani sehemu inayopokea kigutu, ulikuwa juu mno, na goti halikuweza kukunjika vizuri. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hushinda wapi. Mzee Hatua hakumtazama mkuu wake. Alivuta karatasi, akamwomba mwalimu alisimulie darasa lake, kisha akaupunguza ukingo. Marufuku iliondolewa kesho yake. Mkuu alikosea, na ni haki iandikwe.

Mwaka huu tumeletewa mashine inayopima kigutu kwa mwanga, kwa dakika tatu. Mzee Hatua aliijaribu, akaisifu, kisha akala chakula cha mchana peke yake. Kamati ya kumuaga ilipomuuliza achague zawadi, kiti cha kupumzikia au saa ya ukutani, alijibu, "Kiti ninacho. Ninaomba mashine isiwanyime watu maneno." Baadhi yetu tulicheka. Yeye hakucheka.

Ombi hilo lilikataliwa katika kikao cha kwanza cha karakana, kwa sababu ya foleni. Katika kikao cha pili alisimama yuleyule mkoroga plasta mwenye utani. "Mwezi ule wa marufuku ilirudishwa miguu sita," alisema, akisoma daftari la karakana. "Mwaka mzima uliofuata, mmoja. Foleni ipi ndefu, waheshimiwa?" Ombi likapitishwa. Sasa ukurasa wa kwanza wa mwongozo unaagiza kwamba kila mgonjwa asikilizwe kwa nusu saa kabla ya kupimwa, na mkuu wa karakana ametia saini.

Mzee Hatua, tunakushukuru kwa kazi na kwa subira uliyotuvumilia nayo. Afya iwe nawe, na penseli isikuishie. Jumatatu asubuhi tunampokea mgonjwa mpya, fundi wa mapaa. Mashine itasubiri mpaka amalize kusimulia.