Mama Vivinjari na Kurasa Zisizochungulia Watu

Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kutengeneza tovuti, Mama Vivinjari anastaafu. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa dawati langu limepakana na lake muda mrefu kuliko la mtu mwingine yeyote. Nimekubali kabla hajamaliza kuuliza. Habari za mama huyu zinasimulika, jamani!

Alipoajiriwa, kampuni yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vipuri, na kila injini ilipojaribiwa chini, skrini zetu zilitikisika juu. Tovuti yake ya kwanza ilikuwa ya duka hilohilo: maandishi mekundu yaliyowaka na kuzimika kama taa za ukumbini. Mwenyewe huziba uso akikumbushwa. Lakini ilifunguka kwenye kila kivinjari kilichokuwapo siku hizo, na hapo ndipo jina lilipomganda. Kompyuta yake ilikuwa na vivinjari vyote, vipya kwa vikongwe, hata vile ambavyo waliovitengeneza walikwisha kuvisahau.

Kwenye droo yake ya chini kuna simu kuukuu zilizopasuka vioo. Iliyo goigoi kuliko zote tunaiita Bibi. Hakuna tovuti iliyotoka ofisini kwetu bila Bibi kuifungua kwanza. Wabunifu wetu wameleta kurasa zenye milima inayozunguka na ndege wanaoruka, vitu vya kutoa macho. Bibi akaganda, nao wakarudi mezani wamenuna. Siku hizi huja wenyewe kimyakimya kuazima Bibi kabla Mama hajaikagua kazi yao.

Jambo la kumpandisha mori ni watu kuchunguliwa. Mnavijua vile visanduku vinavyochomoza ukifungua ukurasa, vikiomba ruhusa ya kukufuatilia: “Ndiyo” kubwa kama mlango, “Hapana” imebanwa pembeni, ndogo kama sisimizi. Vya kwetu vyote vina Ndiyo na Hapana zinazolingana. Wateja walilalamika. Aliwasikiliza kwa adabu zote, akawamiminia chai, na hakubadilisha kitu.

Kazi iliyomtoa jasho hasa ni ile ya nyumba ya hifadhi, inayopokea wanawake wanaokimbia vipigo majumbani. Walihitaji tovuti ya kuombea msaada. Mkurugenzi wetu, ambaye tunampenda na ametupa ruhusa ya kusimulia haya, aliwaahidi ukurasa wenye jina la nyumba kwa herufi kubwa, na ndani yake vifuatiliaji vya kampuni za matangazo, vinavyokumbuka nani amefungua nini na kumwandama kwa matangazo yake, ili wafadhili waonyeshwe idadi ya waliotembelea. Mama Vivinjari aligoma. Alisema wanawake wengi hawana simu ya peke yao. Mume akiishika na kuukuta ukurasa ule, au tangazo lake likiibuka tu, huyo mke amekwisha. Mkurugenzi alimwambia anakuza mambo, akaenda kuukagua ukurasa wa majaribio kwenye tableti ya nyumbani kwake.

Kesho yake mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea, aliazima tableti hiyo atafute mapazia. Mapazia hayakuonekana. Kila alipofungua, tangazo: unapigwa nyumbani? Hauko peke yako. Maskini mama mkwe akaunganisha mambo kwa namna yake, kwamba binti yake anateswa na anatafuta msaada kwa siri. Kufikia jioni wajomba walikuwa wamekwisha kupanga viti sebuleni, na mkurugenzi wetu, ambaye hata mende humtoa nje kwa kipande cha karatasi, amekalishwa katikati kujieleza.

Asubuhi alifika ofisini macho mekundu, akasimama mbele ya dawati la Mama Vivinjari na kusema, “Mama, toa vyote.” Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba yeye hana kosa na bado alitetemeka mbele ya wajomba, sembuse mwanamke anayepigwa kweli.

Hapo ndipo tulipouona ubunifu! Mama alitengeneza tovuti, tuseme, ya mitindo ya mishono. Ya kweli ni ya kitu kingine kabisa, na msijisumbue kuitafuta. Kila gauni limechorwa kwa msimbo mtupu, yaani maagizo ya kompyuta, bila picha hata moja. Unagusa kitambaa kinabadilika rangi, unavuta pindo linarefuka. Mahali fulani humo umefichwa mlango wa msaada, na wauguzi wa hospitali humwelekeza anayeuhitaji. Mtu akitokea ghafla, mguso mmoja tu, mlango unafungika, na ukijaribu kurudi nyuma huoni ila magauni. Wapenda mishono wasiojua lolote wamejazana humo, na hutusema tukichelewa kuongeza mitindo. Mama hufurahi kuliko sote, maana kadiri wanavyojaa, ndivyo isivyojulikana nani amefuata nini.

Mhariri alitaka takwimu: wangapi wamepita mlango huo? Hatuna. Hakuna kinachohesabu, alihakikisha hivyo, na wafadhili walinung’unika mpaka wakazoea. Lakini wiki iliyopita msimamizi wa nyumba ya hifadhi alituletea salamu za mwanamke mmoja, kwa ruhusa yake. Mumewe alimnyang’anya simu, akaipekua yote, ukurasa kwa ukurasa. Akakuta magauni. Akamrudishia, akimfokea aache kumaliza bando kwa nguo asizoweza kuzinunua. Siku iliyofuata, mume alipokwenda kazini, yule mama aliondoka na wanawe.

Mama Vivinjari alisomewa salamu hizo. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo, na ofisi nzima tukafuta zetu, hata tusiovaa miwani.

Asante, Mama. Umetufundisha kwamba mgeni wa ukurasa ni mgeni kweli, na mgeni hapekuliwi mifukoni. Nenda ukacheze na wajukuu, ulale mchana bila simu ya mteja. Tunakutakia afya, furaha, na miaka mingi katika nyumba yenye amani.