Afande Aliyevuruga Vitanda

Leo, tarehe thelathini Juni, msimamizi wa nyumba yetu ya askari wastaafu anakabidhi funguo baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Wazee wanamwita Afande, ingawa hajawahi kuvaa buti wala kupiga gwaride siku hata moja. Aliingia hapa kama mfuaji wa mashuka, akapewa stoo, na mwishowe akapewa nyumba nzima. Mimi ni mpishi. Nimeambiwa niandike wasifu huu kwa sababu, eti, habari zote hupitia jikoni. Sikatai.

Kwa wageni ambao hawajawahi kufika, nyumba hii ina vyumba vya chini na vya ghorofani, ua wenye bomba moja, na kamba za kuanikia zisizotosha hata siku moja. Wanaoishi humu ni watu waliotumikia jeshi, wakarudi, wakakosa pa kuishi. Tunaendeshwa na michango ya watu wa kawaida: fundi viatu wa kona, walimu, wasusi, watu ambao wengi wao nao ni wapangaji.

Sasa niwaambie tabia ya Afande. Mzee mgeni akifika, jambo la kwanza hutandika kitanda kijeshi, shuka limevutwa mpaka basi, blanketi lina kona nne kali. Kisha husimama pembeni, mkoba miguuni. Afande huingia, humpa shikamoo yake, halafu huketi katikati ya kitanda kile na kukivuruga chote. Wapo walionuna. Mmoja, tunayemwita Sajini, alikitandika upya, Afande akarudi kukikalia. Akakitandika tena, akakaliwa tena, mpaka wote wawili wakaangua kicheko. Jioni hiyo Sajini alimaliza sahani yake kwa mara ya kwanza.

Sababu alinieleza mara moja tu, tukichambua mchele. Kaka yake mkubwa alirudi kutoka vitani mzima wa viungo, lakini usingizi hana. Akawa anakaa kwa ndugu, mwezi kwa huyu, wiki kwa yule. Kila asubuhi alitandika kitanda cha watu, akaweka mkoba wake mlangoni. Ndugu walimsifu kwa usafi. Hakuna aliyemwambia akae. Alifia kwenye baraza la duka, blanketi lake limekunjwa vizuri karibu na kichwa. “Mtu akitandika vile ujue yuko safarini,” Afande aliniambia. “Mimi nataka wakae.” Akaendelea na mchele wake.

Miaka minne iliyopita maisha yalipanda kuliko watu walivyoweza. Kiwanda cha hapa mjini kilipunguza wafanyakazi, biashara ndogondogo zikafungwa, na michango yetu ikakauka. Mvua za kwanza zikaingia ghorofani kupitia paa. Bodi ya nyumba ikatangaza kwamba paa lisipotengenezwa kabla ya mvua kubwa, vyumba vya juu vitafungwa na wazee sita watafute pengine. Pengine wapi, hakuna aliyesema. Sajini alikuwa mmoja wa hao sita.

Tukawaita wafadhili waje wajionee. Hapo wazee wetu wakafanya kosa ambalo ni askari tu anayeweza kulifanya. Waliamka alfajiri, wakapiga deki, wakang'arisha viatu, wakapiga pasi mashati, wakazikusanya ndoo za kukingia maji na kuzificha chini ya ngazi. Vitanda vilinyooka kama meza. Walikuwa tayari kufa na tai shingoni. Wageni walipita wakitazamana, na mama mmoja, mshonaji wa mtaa wa pili, akasema kwa upole, “Jamani, hawa mbona wana afadhali kuliko mimi?” Wakaaga, wakaondoka bila kuahidi chochote.

Mjumbe mmoja wa bodi akapendekeza tupige picha: mashuka yaondolewe, wazee wasinyoe, wavae mashati yaliyochanika. Sijawahi kumwona Afande amekasirika vile. Hakupaza sauti. Alisema wazee hawa wamekwisha kuvuliwa vya kutosha, na kama lazima mtu avuliwe nguo ndipo ahurumiwe, basi aanze mheshimiwa mjumbe. Lakini mpango mwingine hakuwa nao, naye alilijua hilo kuliko sote. Siku zile alikuwa akiacha chakula, na kwangu huwa haachi mtu.

Alichofanya ni kusubiri mvua. Iliponyesha, akawatumia watu wale wale ujumbe waje wanywe chai. Wachache walikuja. Aliwapandisha ghorofani, akawaketisha juu ya vitanda vile vilivyonyooka, mgeni mmoja kwa mzee mmoja, vikombe mkononi, akawaacha. Hapakuwa na hotuba. Mshonaji aliketi kwa Sajini, na matone yakawa yanampiga begani. Sajini hakuomba kitu. Alimwomba radhi kwa matone, akavua koti lake la zamani na kumfunika nalo.

Mshonaji alishuka ngazi analia. Akamwambia Afande ukweli, kwamba angependa kusaidia lakini hana kitu, hata cherehani yake moja ameiuza. Afande hakumhubiria. Alimuuliza tu, “Jumamosi una kazi gani, mdogo wangu?”

Jumamosi hiyo mshonaji alikuja na mumewe, seremala aliyekuwa amekaa bila kazi. Jumamosi iliyofuata wakaja waashi wawili, na mwenye duka la vifaa akatoa mabati yaliyokwaruzika asiyoweza kuyauza. Watu walikuja na misumari mifukoni. Wazee walikataa kukaa na kutazama. Sajini alijipa ukuu wa ngazi, akawa anatoa amri ambazo raia hawakuzielewa ila walizitii. Mvua kubwa ilipoanza, paa lilikuwa limeezekwa, na hakuna mzee aliyehama. Mpaka leo watu wa Jumamosi wanakuja, wengi wao bado hawana kitu, na nyumba inasimama kwa sababu yao. Kwao pia, kwa niaba ya wote, asanteni sana.

Afande ana mapungufu yake, nisije nikaambiwa nimempamba. Anaimba vibaya, na kwa sauti. Chumvi ya mboga zangu ameisema miaka yote na hajawahi kupatia. Nitamkumbuka mpaka nichoke.

Asubuhi ya leo nilipanda ghorofani kuwaita wazee wanywe chai. Nilidhani siku kama hii nitakuta vitanda vimenyooka kuliko siku zote. Vyumba vilikuwa vimefagiliwa, viatu vinang'aa, lakini vitanda vyote, cha Sajini kikiwa cha kwanza, vilikuwa havijatandikwa. Mashuka yalikuwa yamejikunja kama yalivyoachwa, mablanketi yananing'inia. Sajini alikuwa amesimama kando ya chake, kakakamaa, anasubiri Afande aje kukagua. Nikashuka, nikarudi jikoni.

Afande, tunakushukuru kwa kila siku uliyotupa. Mungu akupe afya na umri. Na huko uendako, kesho ukiamka, kitanda kiache hivyo hivyo.