Taa Nyekundu ya Riungu

Mheshimiwa Mwakilishi Wadi, Mwalimu Mkuu Bwana Njeru, Pasta wetu, wazazi, walimu wenzangu, nanyi wasichana mliopigwa jua tangu asubuhi: hamjambo?

Leo mnaniaga mimi Ciakuthii, baada ya kufundisha fizikia hapa Siakago mpaka mvi zikanijaa. Nimesifiwa sana, na mtu akisifiwa sana hujiuliza wanaomsifu hawataki aseme nini. Basi nitalisema.

Mwaka jana alikuja hapa sokoni bwana mmoja, Riungu, suti safi, na taa nyekundu pana kama sufuria ya harusi. Aliiita taa ya kwanta. Alidai nuru yake inang'oa elektroni mbaya kwenye damu, na sukari inaisha. Mheshimiwa, wewe ndiwe uliyemkatia utepe, na kwa kweli uliukata vizuri.

Dada yangu Igoki, yule pale mbele, ana ugonjwa wa sukari. Akaacha sindano zake. Nilipomkanya alinijibu, "Wee Ciakuthii, umesomesha hiyo kwanta miaka yote na hujaponya hata kuku. Mwache mwenzako afanye kazi."

Nikamwendea Riungu. "Ni nini kwenye nuru hii kinachong'oa elektroni?"

"Ni wingi wake, Mwalimu. Ni nyingi sana."

Hapo shaka yangu ikapata miguu. Nuru, wapendwa, haipokewi kama maji ya mfereji. Hupokewa vifurushi vifurushi, na kifurushi hicho ndicho kwanta. Kifurushi cha nuru nyekundu kina nguvu kidogo, cha zambarau kina nguvu zaidi, na kwa kawaida elektroni hupokea kimoja tu kwa wakati mmoja. Kimoja kisipotosha kuing'oa, kuongeza vingine hakusaidii. Watoto darasa zima, kila mmoja akiweza kuruka nusu ya mtaro tu, je, kuna atakayevuka?

Nikamwalika Riungu tuipime taa yake mbele ya watu, na Jumapili baada ya ibada Pasta alituruhusu kufunga mapazia ya kanisa. Nilileta saa ambayo namba zake hung'aa gizani, nikiwa nimeifungia kabatini mpaka ikafifia. Riungu akaimulika mpaka kioo kikapata joto, kisha akazima. Giza tupu. Nikachukua tochi ya zambarau ambayo jirani yetu Ndambiri huchunguzia noti bandia dukani kwake, ndogo kama kidole, nikaimulika kidogo tu. Namba zote zikawaka.

"Taa yako imeshindwa kuamsha rangi ya saa," nikamwambia. "Kwenye damu itang'oa nini?"

Watu walicheka. Igoki hakucheka. Alirudi hospitali wiki hiyo, lakini mguu ulikuwa umeshaoza, wakamkata vidole. Yuko hai, na Mungu ashukuriwe.

Riungu akahama. Mlidhani yameisha? Juzi nimepigiwa simu kutoka Karurumo: amefungua huko, na sasa taa yake ni ya zambarau. Anawaambia wagonjwa, "Mwalimu wa Siakago mwenyewe aliipima kanisani, ikashinda." Na nuru hiyo, ikizidi, huunguza ngozi na macho!

Mheshimiwa, nasikia umealikwa huko pia, na utepe umeshanunuliwa. Mimi sasa sina kipindi, wala sina wa kumwomba ruhusa. Nitakuwa nimeketi mstari wa mbele. Karibu uje, ila mkasi uuache nyumbani.

Nawashukuru kwa zawadi, na kwa kunipa masikio yenu mpaka mwisho, hasa ninyi ambao hamkutaka kusikia.