Deolinda Barros, Aliyekataa Kunyamazishwa Darasani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Zulmira, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba nisome wasifu wake kwa upole, nami nitajaribu.

Deolinda alizaliwa tarehe 3 Mei 1957 hapa Brockton, Massachusetts, mtoto wa kwanza wa wazazi waliotoka Cape Verde na kushona viatu kiwandani, akasoma shule za hapa hapa hadi mwaka 1975, akapata shahada, na Septemba 1981 akaingia chuo cha biashara kule Boston, ambako mwalimu hakufundisha bali aliuliza tu, wanafunzi wakijadili kisa cha kampuni waliyosoma habari zake nyumbani, na nusu ya alama ilitokana na kusema.

Siku moja walijadili kiwanda cha viatu kinachokufa, dada akasema mashine hazina kosa, ngozi ndiyo inanunuliwa ghali, mwalimu akajibu, "Ehe, mwingine?" na muda si mrefu kijana aitwaye Whitcomb akasema lile lile, mwalimu akapiga makofi, "Safi sana, Whitcomb!" Mwezi uliofuata mwalimu huyo huyo akamwambia dada kwamba hachangii, atafeli.

Alirudi nyumbani akilia, na mama akamfokea, "Na wewe ukanyamaza? Mwanangu, kiwandani mashine zinaunguruma kutwa, ukitaka kusikika unamtaja mtu jina, unamkazia macho, unasema neno fupi. Hotuba peleka kanisani!"

Tangu hapo alisoma kila kisa mara mbili, mara ya pili akiamua angefanya nini kama yeye ndiye bosi, akabishana na wenzake watatu kabla ya kipindi, akanyoosha mkono mapema kabla mazungumzo hayajahama, na Whitcomb alipojaribu tena mchezo wake, dada alimgeukia, "Whitcomb, asante kwa kurudia nililosema. Sasa malizia basi, fedha zitatoka wapi?" Whitcomb akatumbua macho, darasa likaangua kicheko, na dada akamaliza mwaka 1983 akiwa miongoni mwa wa juu kabisa.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na Anselmo Pires, fundi wa magari, wakajaliwa binti mmoja, Noemia, na baada ya miaka kadhaa ya kufanya kazi benki, mwaka 1995, chuo kile kile kikamwita afundishe, akawafunza waoga kufungua vinywa, akiwaambia, "Sikiliza kwanza, halafu pinga," lakini kwa miaka kumi na minane walimpa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, eti hana uzito.

Machi 2013 aligundulika kuwa na saratani ya titi, Julai hawakumpa mkataba mpya, na bima ya matibabu aliyopewa na chuo ikaisha pamoja na kazi, mgonjwa akiwa katikati ya dawa. Anselmo akauza gereji yake ili alipie matibabu. Deolinda alifariki tarehe 9 Februari 2014, hospitalini Boston, akiwa na miaka hamsini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia tangu Krismasi, na wale walimu wawili waliokuja kumwona, nanyi mnajijua. Wakuu wa chuo mlioketi mbele, shada lenu lililoandikwa "mwalimu wetu mpendwa" nimelitoa nje, liko kwenye ngazi, mkiondoka mlichukue.

Dada, umechoka, pumzika sasa.