Jiwe Jeusi la Manasseh

Wazazi wetu, mchungaji, majirani wa Magwagwa nanyi mliotoka Nyansiongo, mimi ni Omwenga, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa naona wengine mmekuja kuchunguza zaidi kuliko kulia.

Manasseh Onyancha alizaliwa hapa Magwagwa tarehe 14 Machi 1919, akasoma shule ya misheni kuanzia 1930 hadi 1937, na mwaka 1941 akaajiriwa katika maabara ya mifugo kule Nyansiongo, akipima damu ya ng'ombe wa walowezi. Tarehe 7 Januari 1945 alifunga ndoa na Bathsheba Nyanchera, wakajaliwa Nyamusi na Ombui.

Tarehe 9 Agosti 1951 jiwe jeusi lilianguka kutoka angani katika shamba lake la mahindi, akalifunga kwa kitambaa safi na kulifungia kabatini, nami sikuliamini hata siku moja. Mwaka 1954 alisoma gazetini kwamba chembe zinazojenga miili ya viumbe huenda hutokea hata huko juu, pasipo mnyama wala mtu, basi akavaa glavu, akachemsha kipande cha jiwe bila kukiosha asije akapoteza kitu, akatia dawa inayogeuka zambarau ikikutana na chembe hizo, nayo ikageuka, na ndugu yangu akalia kwa furaha.

Jiwe lililobaki alilituma kwa wataalamu wa Nairobi, na Februari 1955 ikaja barua kwamba ndani hamna chembe zozote, ila nje limepakwa kitu chenye chembe hizo, na kwamba mpakaji ni yeye, akafukuzwa kazi. Tangu hapo alimshuku mkewe, Bathsheba akawashuku majirani, nami nikawashuku Wazungu walioandika ile barua, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Mei 1956 alishikwa na nimonia, akafariki tarehe 2 Juni, akiwa bado anauliza ni nani aliyeligusa.

Tunawashukuru madaktari waliomhangaikia, majirani mliochimba kaburi, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokuja ingawa mlimwita mwongo.

Shemeji Bathsheba, unisamehe, ni mimi. Desemba 1953, Sabato moja mkiwa kanisani, nililitoa kabatini nikalipaka maziwa na unga wa wimbi, kama nyanya yetu alivyokuwa akitakasa kitu chochote kilicholetwa na radi, nikitaka lisiwadhuru, kisha nikaona aibu, kisha nikaogopa, nikanyamaza hadi akafa.

Nanyi wenzake wa maabara, mkirudi kazini semeni hivyo. Pumzika kwa amani, ndugu yangu, hukumdanganya mtu.