Fundi Mizani na Ukurasa Tulioombwa Tuuruke

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, yanayosomwa hapa ni maisha ya dada yetu kama alivyotaka yasomwe, na anayeyasoma ni kaka yake mkubwa, ambaye asubuhi hii wazee wa ukoo wamemwomba auruke ukurasa wa pili na kusema tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1966 katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano na binti pekee, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha akaingia chuo cha ufundi, alikohitimu Novemba 1983 katika fani ya kutengeneza mizani, msichana mmoja kati ya wanafunzi kumi na tisa, na baba alipomuuliza nani atamwoa mwanamke mwenye mikono ya grisi, alimjibu kwamba ataolewa na mwenye sabuni.

Aliajiriwa na ofisi ya vipimo tarehe 2 Januari 1984, akazunguka kwenye maduka, mabucha na maghala kwa miaka kumi na miwili, akichukiwa na kila muuza nyama mwenye kidole kizito, hadi mwaka 1996 alipofungua karakana yake nyuma ya soko, chumba kimoja chenye dirisha la wavu, meza ndefu na mawe ya shaba yaliyopangwa kwa ukubwa, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyashika kwa mkono mtupu, hata sisi ndugu zake.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na karani wa ghala, wakajaliwa binti mwaka 1991 na mwana mwaka 1994.

Huu sasa ndio ukurasa wa pili.

Marehemu alikuwa mchangiaji damu wa kudumu, na damu aliyoitoa tarehe 12 Januari 1999 ilikuwa safi, lakini ile ya tarehe 18 Mei mwaka huohuo haikuwa safi, akaitwa, akaambiwa kwamba ana virusi vya ukimwi, na kwa kuwa ilijulikana ameambukizwa ndani ya miezi minne hiyo, watafiti waliokuwa wakiwatafuta watu walioambukizwa karibuni, ili wawafuatilie tangu mwanzo na kuona ugonjwa unakwenda kwa kasi gani, walimwomba ajiunge nao, naye akakubali, akisema kwamba kama kitu kinapimika basi na kipimwe. Mumewe alihama nyumba Agosti, shangazi mmoja akaanza kuuliza kabati la vyombo litabaki kwa nani, na huyu anayesoma alimtengea kikombe chake peke yake, akamshauri ajifiche, jambo ambalo dada hakulisahau na hakuacha kumtania nalo. Kabati shangazi hakulipata, ametangulia yeye.

Kila baada ya miezi mitatu, kuanzia tarehe 8 Juni 1999, alikwenda kliniki kutolewa damu, kuhesabiwa chembe za kinga, kushikwashikwa tezi za shingo na kupimwa uzito, na Desemba 2001 aliandikiwa kwamba amepungua kilo mbili na nusu, na wenzake wote wa benchi siku hiyo waliambiwa vivyo hivyo, kila mmoja akaanza kujipapasa mbavu na kujiona anakwisha, lakini yeye alitazama kifungo cha sketi yake, akaona kimekaa palepale, akarudi kesho yake na mawe yake manne ya kilo tano, akayapandisha kwenye mizani ya kliniki, nayo ikasoma kilo kumi na tisa na kidogo, ndipo akamwambia daktari mkuu mbele ya watu kwamba wagonjwa hawajapungua, inayoumwa ni mizani. Aliitengeneza siku hiyohiyo, na kumbukumbu za watu sitini na watatu zikasahihishwa.

Februari 2002 mumewe alirudishwa akiwa hajiwezi, dada akamuuguza miezi minne mpaka alipofariki, bila kumsimanga, ingawa ulimi alikuwa nao. Chembe zake za kinga, zilizoanza 612, zilishuka hadi 187 Septemba 2004, akaanza dawa za kufubaza virusi, zikapanda, naye akapata nguvu za kumpenda kinyozi aliyekaa naye benchi moja la kliniki, wakaoana tarehe 4 Novemba 2006, na tarehe 30 Juni 2008 akajifungua kitinda mimba wake, ambaye hana virusi, na waliosema hana aibu aliwapelekea picha ya mtoto.

Ziara yake ya mia moja ilikuwa tarehe 5 Machi 2024, chembe 804, virusi havikuonekana, na Jumapili tarehe 21 Aprili mshipa ulipasuka kichwani kwa shinikizo la damu, akafariki saa tisa alasiri akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ukimwi haukumuua, na anayenong'ona huko nyuma kwamba umemuua anyamaze.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliomkimbiza hospitali, mafundi wa karakana, shemeji yetu kinyozi, na muuguzi aliyemtoa damu kwa miaka ishirini na mitano, ambaye sasa amekaa kwenye hema jeupe hapo getini, kwa sababu marehemu aliacha maandishi kwamba msibani kwake watu wapimwe. Kaka yake hajapima hata siku moja, kwa woga tu, akishaweka karatasi hii mezani anakwenda hemani, na wazee walioomba ukurasa urukwe wanakaribishwa wamfuate.

Pumzika kwa amani, dada. Nimesoma yote.